Dramu Zangu Uchagani

Aliyeziharibu dramu zangu ni mama yangu mzazi, baada ya mimi kuzitunza miaka kumi na saba. Naanza na hilo ili lisikae kooni. Ila nikiishia hapo nitakuwa nimemsingizia, kwa hiyo ni lazima nieleze zilivyofika mikononi mwake.

Nilipomaliza kidato cha nne Kilifi nilikwenda Malindi kutafuta kazi, nikapata ya kufagia ukumbi wa hoteli moja ya pwani. Hoteli hiyo siku hizi imefungwa, majani yameota mpaka ndani ya bwawa la kuogelea. Wakati ule ilikuwa na bendi ya watu wanne. Mpiga dramu alikuwa mtu wa bara, mfupi, mwenye kitambi, na alipenda kunitania kwamba ufagio wangu una mdundo kuliko mpiga gitaa wake. Siku moja mchana, wageni wako ufukweni, alinikalisha kwenye kigoda chake, akanipa vijiti. Sikuwahi kukitaka kitu kingine chochote kama nilivyokitaka kile.

Dramu zenyewe zilikuwa kuukuu tayari. Zilitengenezwa Ulaya kabla mimi sijazaliwa, na mwenye hoteli wa kwanza alizileta kwa meli. Zilikuwa tano, mbali na matoazi yake ya shaba: kubwa ya kupigwa kwa mguu, tatu za kati, na ile nyembamba yenye nyaya chini yake. Ganda lake lilikuwa jeupe la kung'aa kama ndani ya kombe la baharini, ila miaka ilishaligeuza rangi ya chai ya maziwa. Juu ziliwambwa ngozi za ndama, si plastiki. Siku za mvua ngozi zilinyong'onyea, sauti ikawa nzito, mzee yule akazipapasa na kuziambia, "Leo mna mafua."

Hoteli ilipofunga, yeye alirudi kwao bara. Magoti yalikuwa yamemwisha, kanyagio la dramu kubwa lilikuwa likimtoa machozi. Aliniachia zote. Aliniagiza mambo mawili: nisizipake rangi hata zikichakaa vipi, na kila nikisafiri nilegeze ngozi kwanza, kwa sababu ngozi iliyokazwa hukauka ikapasuka bila mwenyewe kuwepo.

Basi nikaishi nazo. Nilipanga chumba Malindi, nikahamia Watamu, nikarudi Malindi, nikakaa Kilifi kidogo. Mimi ni mtu wa kuhama. Mahali pakianza kunizoea, miguu huniwasha. Kila nilikokwenda dramu zilinifuata kwa mkokoteni au kwa tuktuk, ile kubwa nimeipakata. Dereva mmoja wa Watamu aliniuliza kama huyo bibi yangu mnene hawezi kutembea mwenyewe. Chumvi ya bahari hula chuma kimyakimya, kwa hiyo kila Jumapili nilifuta skurubu moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Nilizifunika kwa leso kuukuu za mama. Nilipiga harusini, nilipiga kanisani, nilipiga katika hoteli tatu ambazo nazo zilifunga. Kulikuwa na mwanamke niliyetaka kumuoa. Aliniambia chumba kina nafasi ya yeye au ya dramu, nami nikakawia kujibu. Hakuningojea nimalize kufikiri.

Mama alikuwa akicheka kwa uchungu nikienda kwetu Vitengeni kumsalimia. Alisema wenzangu wana watoto, mimi nina masufuria. Hata hivyo akinipa leso za kufunikia, alichagua zisizo na matundu.

Kisha nikapata kazi ya upishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, mbali kaskazini. Miezi mitatu, walisema. Nilizipakia dramu kwenye pikapu ya mtu, nikazipeleka kwa mama. Nililegeza ngozi zote nilivyofundishwa. Nilikuwa na haraka, kwa sababu pikapu ilikuwa inageuza irudi Kilifi na ndiyo ilikuwa usafiri wangu pia. Mama akaniuliza, "Sasa vitu hivi niviweke wapi?"

Nikamjibu nikiwa nimeshaweka mguu garini, "Viweke pale unapoweka kitu usichotaka kiharibike."

Akaitika. Nikaondoka.

Miezi mitatu ikawa miaka mitatu kasoro kidogo. Barabara ikimalizwa huku, kambi inasogea kule, nami nasogea nayo. Nilimpigia mama simu, si mara nyingi kama ilivyostahili, na kila mara nilimuuliza habari za dramu kabla sijamuuliza habari za mguu wake unaovimba. Alikuwa akijibu kwa fahari kabisa: "Viko salama. Hata mchwa hajui vilipo." Nilidhani amevifungia chumbani kwake, karibu na sanduku la nguo. Sikumuuliza. Kambini nilikuwa nikipiga dramu kwa vijiko juu ya sufuria, na kichwani nilikuwa nimeshapanga: nikirudi nitazikaza, nitazifuta, nitatafuta vijana wenye magitaa, nitakaa. Kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kukaa mahali.

Nilirudi asubuhi ya jua kali. Mama alinipokea begi, akalipeleka ndani mwenyewe, akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda changu cha zamani. Hakunipa hata nafasi ya kunywa maji. Alinishika mkono akaniongoza jikoni.

Jikoni kwetu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za bara ya Kilifi, kuna uchaga: dari la fito lililojengwa juu ya mafiga. Mahindi ya mbegu huwekwa huko, na moshi wa kila siku huwafukuza dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi, hivyo mwaka ujao ukifika mtu ana cha kupanda. Hakuna mahali pengine katika boma panapoheshimiwa hivyo. Watoto hawapandi. Panya wenyewe huogopa moto. Njaa ikiingia, mtu huuza mbuzi na kitanda kabla ya kugusa kilicho uchagani.

Mama aliegemeza ngazi, akasema, "Panda ukaone."

Nilipanda. Zilikuwa zimepangwa vizuri, kila moja na leso yake, na leso zimekuwa nyeusi. Nilifunua ile kubwa. Ganda jeupe lilikuwa limefura mapovu na kuchanika, limening'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua. Chini yake mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja zilikuwa zimeachana, zimejifungua kama kurasa za kitabu kilicholowa kikaanikwa. Haikuwa duara tena. Ilikuwa na umbo la yai. Ngozi za ndama, ambazo nililegeza kwa mkono wangu, zilikuwa zimekauka zikajikunja na kupasuka. Moto wa asubuhi na wa jioni, kwa miaka mitatu. Niligusa ile ndogo, kipande kikabaki kidoleni.

Mama alikuwa chini, ameinua uso, anangoja nimsifu.

Nilisema, "Hata mtoto mdogo angejua."

Sikupaza sauti. Labda ningepaza angenijibu kwa hasira, tukagombana, yakaisha. Mama akasema, "Uliniambia niviweke ninapoweka kitu nisichotaka kiharibike." Akageuka, akachutama, akaendelea kupuliza moto aliokuwa amenikokea kwa chakula.

Nikashuka. Nikala sima na mboga alizopika. Kesho yake nilizibeba dramu hadi kwa seremala mmoja wa kule Tezo ambaye watu walimsifia kwa mkono wake. Alizizungusha, akazigonga kwa kifundo cha kidole, akazipima kwa kamba. Alijaribu kwa ukweli. Alizitia gundi, akazikaza kwa mipira ya matairi, akaziacha wiki mbili kivulini. Mipira ilipofunguliwa, ile kubwa ilirudi kuwa yai mbele ya macho yetu, na mbili za kati zikapasuka kutoka juu mpaka chini.

"Ndugu yangu," alisema, "mbao hii imeshasahau mviringo. Mimi siwezi kuikumbusha."

Nilirudi na matoazi tu, ambayo moshi haukuyafanya kitu zaidi ya kuyatia weusi. Nilimpitia dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa hapo hapo Vitengeni. Nikamwaga malalamiko yangu yote: miaka kumi na saba, mafuta ya nazi, mzee wa watu. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi. Nilipomaliza akaniuliza kama nilijiuliza mahindi ya mama yalikwenda wapi.

Nikamuuliza mahindi gani.

Alinieleza basi. Uchaga wa mama ni mdogo, dramu tano haziingii na mbegu zikabaki. Siku ile niliyoondoka, mama aliteremsha mbegu zote, akazitia magunia, akaziweka sakafuni, ili vitu vyangu vipate nafasi. Dada alimwambia asifanye hivyo. Mama akamwambia kwamba hajaagizwa kitu na mtoto huyu tangu azaliwe, na safari hii ameagizwa. Dumuzi waliingia magunia. Mvua ilipokuja mbegu zilikuwa unga. Mama, ambaye watu walizoea kwenda kwake kuomba mbegu, alizunguka nyumba kwa nyumba na kibakuli akiomba yeye. Mwaka uliofuata hakuwa na mbegu za kuweka huko juu hata kama ningekuja kuziondoa dramu. Kwenye simu hakunitajia.

"Wala usimwambie nimekwambia," dada alisema. "Ameshaona haya ya kutosha."

Nilikwenda kwa mama jioni hiyo hiyo. Nilimwambia, "Mama, nisamehe kwa neno lile." Alikuwa anachambua mchicha. Alisema yameisha, mwanangu, vitu ni vitu. Alisema kwa upole, na najua alitaka yawe yameisha. Nikataka kusema zaidi, kuhusu mbegu, lakini nilikuwa nimekatazwa, na sikuwa na namna ya kuomba radhi kwa jambo ambalo sikupaswa kulijua.

Sikukaa. Nilikuwa nimepanga kukaa, na kilichonifanya nipange kukaa hakikuwepo. Nilikwenda Lamu, nikaenda Voi, sasa niko Watamu tena napika katika mkahawa. Sipigi chochote. Nikisikia bendi mahali napita upande wa pili wa barabara.

Kila baada ya miezi miwili mitatu naenda Vitengeni. Mama ananiandalia chakula, ananiuliza afya, anacheka nikimsimulia vituko vya mkahawani. Mwaka jana nilimpelekea mbegu nzuri. Alishukuru, akamwomba dada azipandishe uchagani, yeye akabaki chini anatazama. Nilimwomba pia aniwekee cheti changu cha shule, kwa sababu chumba changu Watamu kinavuja. Alifuta mikono kwenye leso, lakini hakuinyoosha.

"Weka mwenyewe," alisema. "Mahali unapojua wewe."

Tangu hapo sijamwona akigusa kitu changu. Nikifika siku hizi, begi langu hukaa pale nilipolitua, karibu na mlango, siku zote nitakazokaa. Asubuhi namsikia akifagia. Ufagio unakuja, unafika kwenye begi, unalizunguka, unaendelea.