Steringi Aliyemshinda Ismaili

Kwenye kibanda umiza cha Mwanakombo, pale Ufukoni, filamu siku hizi zinaongea zenyewe. Watu wanakaa kwenye mabenchi, wanasikiliza Kikorea kitupu, wanatazamana. Sauti ya Ismaili haipo.

Alikuwa akikaa pembeni ya televisheni na maiki iliyozungushiwa plasta, akitafsiri lugha asizozijua. Alisoma nyuso. Mtu akikunja ndita, Ismaili alimpa tusi. Akilegeza macho, alimpa maneno ya mapenzi. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kumtaja steringi, shujaa wa filamu. Akishamtaja, kibanda kizima kilishusha pumzi, kwa sababu steringi hafi, wala hamdhuru asiye na kosa.

Jumapili moja alasiri iliwekwa filamu ya kutisha. Nyumba msituni, msichana analia, jini linapita ukutani. Kijana mmoja akavunja mlango, akatabasamu, akamtoa msichana amembeba mikononi kama mtoto. Ismaili hakungoja.

"Steringi huyo! Anaitwa Baraka!"

Makofi.

Baraka akampeleka msichana kwake, akamfunika blanketi, kisha akatoka nje na kuanza kupigilia mbao madirishani.

"Analizuia jini," Ismaili akasema kwenye maiki.

Jini halikuja. Baraka akaketi kando ya kitanda, akamkata msichana nywele akiwa usingizini, akazinusa, akazipanga ndani ya kopo. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lilelile la pale mlangoni.

"We Ismaili, steringi gani huyo?" aliuliza Veronika, muuguzi aliyezoea kukaa benchi la mbele.

"Tulia, mama. Ana mpango wake."

"Mpango wa kunyoa watu? Kafungua saluni?"

Watu wakacheka. "Labda steringi ni jini!" mtu akadakia nyuma. Wakacheka tena, ila si wote.

Msichana akaamka, akaona madirisha, akapiga kelele. Baraka akamwambia kitu, taratibu, kwa upole.

"Usiogope, nakulinda," Ismaili akatafsiri. Kisha akaishusha maiki.

"Endelea basi," Mwanakombo akamhimiza. "Ni mwema au mbaya? Watu wanakungoja."

Ismaili akausogelea uso ule mpaka pua ikakaribia kioo. Macho yamelegea. Midomo imetulia. Nyuso za namna hiyo ndizo alizozipa maneno matamu miaka yote. Akaizima maiki. Msichana akalia kwa lugha yake mpaka filamu ikaisha, wawili wale wakiwa mezani wanakula wali.

"Mwanangu, ungesema tu hujui," Veronika alimwambia wakati wa kutoka.

"Na zile nyingine zote, nilikuwa najua?"

Wiki iliyofuata Mwanakombo alimtafutia filamu nyepesi, ya ngumi. Mwanamume akatokea kwenye moshi amebeba mtoto. Watu wakasubiri jina. Ismaili akatazama, akatazama tena, akaiweka maiki juu ya benchi.

"Dada, huyu simjui."

"Humjui vipi? Si kamwokoa mtoto!"

"Kambeba. Anampeleka wapi?"

Mwanakombo akageuka kutazama kioo. Mtu yule alikuwa bado anatembea.

Ismaili hakuishika tena ile maiki; sasa yuko bandarini Mtwara, anafunga maturubai kwenye malori ya korosho.