Jezi Ishirini na Tatu za Mwalimu Ianthe

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kutia maji kwenye beseni, Mwalimu Ianthe Sweeney alitoka barazani akautazama mlima wa volkano. Moshi ukielekea Plymouth na baharini, alifua. Ukigeukia Lookout, nyumbani kwake, alisubiri, maana majivu yakishaingia kwenye nguo mbichi, sabuni haina ujanja. Kisiwa kizima cha Montserrat hutazama mlima kabla ya kutundika nguo, lakini yeye alikuwa na sababu kubwa kuliko wenzake. Nguo alizofua hazikuwa zake. Zilikuwa jezi ishirini na tatu za timu ya taifa, za kijani na nyeupe, na timu haikuwa na nyingine.

Alizirithi kwa mumewe. Clement Sweeney alikuwa beki enzi za uwanja wa zamani, ule uliofukiwa na majivu pamoja na mji wa Plymouth, na miguu ilipochoka akawa mtunza jezi. Alipofariki, viongozi wa chama cha soka walikuja kumpa pole mjane. Wakakaa, wakala, na wakati wa kuaga mmoja wao akauliza kwa haya jezi zilikuwa wapi. Ianthe akawaonyesha kapu: zote zimepigwa pasi, namba moja juu, namba ishirini na tatu chini.

"Ziacheni hapohapo," akawaambia.

Wapo walioona kazi ile haimfai mwanamke aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na mmoja. Wifi yake hakuficha.

"Ianthe, wewe na elimu yako yote, unafua jasho la vijana?"

"Nimesahihisha madaftari yao," Ianthe akamjibu. "Jasho lao linanukia vizuri zaidi."

Ukweli ni kwamba kwa akina Sweeney kulikuwa na neno moja lililopita kutoka baba hadi mwana: kitu cha watu hakipotei mikononi mwetu. Baba mkwe wake, tarishi wa kijiji cha Kinsale, aliwahi kupanda kilima mara mbili kwa siku moja kwa ajili ya barua moja tu. Ianthe aliolewa na neno hilo kama alivyoolewa na Clement, na kwa miaka kumi na mmoja ya ujane wake haikupotea jezi wala soksi. Baada ya kila mechi alisimama mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo na kapu lake, akapokea jezi moja moja, akahesabu huku midomo ikimchezacheza. Hata nahodha alisimama kwenye foleni.

Ndipo akaja Reece.

Kisiwa cha watu wasiojaza kiwanja kimoja kikubwa cha ng'ambo hakiwezi kujidai kwa kuchagua wachezaji. Kwa hiyo viongozi wa chama walikuwa na tabia ya kumuuliza kila kijana mwenye mguu mzuri aliyezaliwa Uingereza: bibi yako alizaliwa wapi? Babu yako je? Reece Sweeney, mshambuliaji wa miaka ishirini na moja, alijibu kwamba babu yake alikuwa akisimulia habari za mahali panapoitwa Kinsale. Karatasi za kuthibitisha zilikuwa ngumu kupatikana. Basi wakaja kwa Mwalimu, naye akatoa Biblia ya familia, kitu pekee alichokibeba kwa mikono miwili siku mlima ulipolipuka wakahamishwa. Kwenye ukurasa wa mbele, kwa mwandiko wa tarishi, majina ya watoto yalikuwa yamepangwa, na la tatu lilikuwa Bertrand, kaka yake Clement, aliyepanda meli akiwa na miaka kumi na tisa.

"Huyu ni damu yetu," akasema. "Namjibia mimi."

Kijana akaja, akapewa chumba cha nyuma, akalishwa mpaka akaomba huruma. Jirani wa Ianthe, Dulcina Ryan, ambaye mjukuu wake Javern alikuwa akivaa namba tisa kabla ya mgeni kufika, alitazama yote hayo kutoka upande wa pili wa ua.

"Mwalimu, mwanao anaogopa kuku," alisema siku moja.

"Hatumchezeshi dhidi ya kuku, Dulcina."

Jumapili timu ya kisiwa jirani cha Anguilla ikaja uwanja wa Blakes kwa mechi ya kirafiki, na Alhamisi vijana walitakiwa kusafiri kwa mechi yenye pointi. Hadi dakika ya themanini na nane ilikuwa bao moja kwa moja. Kisha Reece akaupokea mpira kwa kifua, akageuka, akapiga. Uwanja ukasimama. "Mcheza kwao hutunzwa!" mtu mmoja akapaza sauti, na kipenga cha mwisho kilipolia watu wakaingia uwanjani wakambeba. Ianthe alikumbatiwa na watu ambao hakuwa amewasamehe tangu darasa la tano. Akavutwa hadi kwenye sufuria la mchuzi wa mbuzi, akapewa bakuli na mkate, akaambiwa asimulie tena habari za Bertrand. Alizisimulia mara nne. Jezi aliletewa na nahodha ndani ya gunia, naye akalipokea huku anacheka, akaliweka ndani ya gari.

Hakuhesabu.

Jumatatu moshi ulielekea baharini. Akamimina gunia barazani, akapanga. Saba, nane, kumi. Akarudia. Saba, nane, kumi. Chini ya gunia ilikuwa imebaki jezi moja, imekunjwa vizuri, lakini haikuwa ya kijani. Ilikuwa jezi ya Anguilla, namba sita.

Akaenda chumba cha nyuma akavuta shuka.

"Reece. Amka. Namba tisa iko wapi?"

Kijana alifumbua jicho moja. "Aah, Bibi. Nilibadilishana na beki wao. Gumbs. Jamaa poa sana."

"Ulibadilishana?"

"Ndivyo wanavyofanya wachezaji wakubwa, Bibi. Mechi ikiisha mnapeana jezi. Ni heshima."

"Hao wachezaji wakubwa wana jezi ngapi?"

Reece akafikiri. "Nyingi, nadhani. Kila mechi mpya."

"Na sisi tunazo ngapi?"

Jicho la pili nalo likafumbuka.

"Usiniambie, Bibi."

"Ishirini na tatu. Tangu jana, ishirini na mbili. Na Alhamisi utapanda ndege kwenda kucheza na mgongo mtupu."

Alipoona uso wa kijana umebadilika, akarudi barazani. Angekwenda kwa viongozi wa chama awaambie nini? Kwamba jezi imepotea mikononi mwa Sweeney, kwa mkono wa Sweeney, yule aliyemjibia mwenyewe na Biblia mezani? Na Dulcina akisikia, habari ingefika kijiji cha Cudjoe Head kabla ya chai kupoa.

Dulcina alihesabu kamba ya Mwalimu kila Jumatatu, kama wengine wasomavyo gazeti. Kwa hiyo Ianthe alifua haraka, akatundika kwa mpangilio, na kati ya namba nane na namba kumi akatundika shati la kijani la marehemu, vifungo vikiwa vimeelekea ukutani.

"Habari za asubuhi, Mwalimu!" Dulcina alikwishafika uani. "Leo umeamkia kazi."

"Nzuri, Dulcina. Siku haingoji mtu."

"Kweli." Akanyoosha shingo. "Ila namba tisa hiyo, mbona imeota vifungo?"

"Jua linakupiga machoni."

"Jua liko nyuma yangu, mpenzi."

Ianthe akaingia kwenye gari, akafunga mlango, Reece ubavuni na jezi namba sita mapajani ndani ya mfuko wa mkate. Kutoka Lookout hadi uwanja wa ndege wa Geralds si mbali, lakini siku hiyo aliendesha kwa namna ambayo, ingekuwa ya mwanafunzi, angemwandikia mzazi wake barua.

"Bibi, akikataa je? Kubadilishana ni kubadilishana."

"Wewe nyamaza na ushikilie huo mfuko."

Wageni wa Anguilla walikuwepo, wakisubiri ndege ya kurudi kwao. Ndege za pale ni ndogo, kila abiria hupimwa uzito pamoja na mzigo wake, kwa hiyo walikuwa wameketi kwenye viti wakiitwa mmoja mmoja kwenye mizani. Pembeni, peke yake, alisimama mzee mwembamba aliyevaa suruali yenye mstari wa pasi ulionyooka kama rula. Begi kubwa la turubai lilikuwa wazi miguuni pake. Alikuwa ameinama, anapekua, na midomo yake ilikuwa ikichezacheza.

Ianthe akasimama ghafla. Midomo ile aliijua. Ilikuwa yake mwenyewe.

Akamwendea taratibu, mkoba begani, kama mtu aliyekuja kumsindikiza mgeni.

"Habari za asubuhi, bwana. Mmelala salama?"

Mzee akafunga begi upesi. "Salama kabisa, mama. Kisiwa chenu kizuri."

"Umepoteza kitu?"

"Mimi? Hapana. Natafuta miwani."

"Unayo usoni, bwana."

Mzee akagusa pua. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Hodge," akasema hatimaye, akanyoosha mkono. "Wycliffe Hodge. Natunza vifaa vya timu."

"Sweeney. Natunza vya timu yetu." Akaketi, akapanga sketi yake magotini. "Miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu. Na katika miaka yote hiyo, mama, sijawahi..." Hakumaliza.

"Mimi kumi na mmoja," akasema Ianthe. "Na mimi sijawahi."

Wakatazama mizani kama watu wawili waliokuja kuona mizani. Kisha Ianthe akazungumza kwa sauti ya chini, bila kugeuza kichwa.

"Kijana wenu namba sita. Ni yupi?"

"Yule pale. Mwana wa dada yangu." Mzee akashusha pumzi. "Anasema jezi yake aliituma mbele na mizigo."

Ianthe akatazama. Wenzake wote walikuwa wamevaa fulana kwa sababu ya joto. Gumbs peke yake alikuwa ndani ya koti la michezo lililofungwa zipu hadi kidevuni, amelowa jasho kama mbuzi kwenye mvua. Basi naye alikuwa anaficha jezi ndani ya koti, na mjomba wake alikuwa anaficha upungufu begini, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake. Kicheko kilimpanda Ianthe hadi kooni, akakimeza.

"Kijana," akaita, kwa sauti ileile iliyokuwa ikinyamazisha ukumbi wa shule. Gumbs akasimama wima kabla ya kujua kwa nini. "Huoni joto?"

"Hapana, mama. Yaani, ndiyo, mama."

"Mwenzako Reece amekuletea mkate. Nendeni mkaule kule kwenye choo cha wanaume."

Wakaenda. Waliporudi, Gumbs alikuwa na fulana kavu na uso wa mtu aliyetolewa jino, na mfuko wa mkate ulikuwa umebadilisha rangi ya kilichomo. Bwana Hodge akapokea kitu kilichoviringishwa, akakitia begini, akahesabu mara moja tu. Midomo ikatulia.

"Mama Sweeney," akasema, "kwetu nitasema tulibadilishana salamu."

"Na kwetu nitasema hivyohivyo. Doa la nyasi unalitoaje?"

"Ndimu na chumvi, kisha juani."

"Mimi ndimu tu. Nitajaribu chumvi."

Karani wa mizani akaita jina la Gumbs. Alikuwa amekwishampima na koti, na kwa kuwa sasa hakuwa nalo akampima tena, akatazama karatasi yake, akamtazama kijana. "Umepungua," akasema. "Ulikuwa unakula nini humo chooni?" Wachezaji wakacheka hadi kwenye ngazi ya ndege, bila kujua hasa wanachocheka.

Walipofika nyumbani, Reece hakungoja kuambiwa. Alichukua beseni, akafua namba tisa kwa mikono yake, akaisuuza mara tatu, akaenda kwenye kamba. Ianthe alikuwa akishusha shati la Clement wakati kichwa cha Dulcina kilipotokea juu ya ua.

"Kwa hiyo imerudi."

Ianthe akageuka. Kibanio kilimdondoka.

"Jana nilimwona kijana anavua," Dulcina akasema. "Nilikuwa karibu na goli. Nikajisemea, Mwalimu atahesabu mlangoni, atamfukuza mbio hadi kwenye basi la wageni. Nikakutazama. Unakula mchuzi. Hukuhesabu."

Ianthe angeweza kusema mengi. Alikuwa na maneno ya kutosha, na mengine ya ziada. Akaangalia shati mkononi mwake.

"Sikuhesabu," akasema. "Nilisahau kabisa. Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Kwamba aliyetufungia bao alitoa jezi yetu?" Dulcina akacheka kwa dharau. "Jina ambalo lingechafuka si lako peke yako, Ianthe. Hata mimi naishi hapa." Kisha akamgeukia Reece. "Wewe, mwana wa ng'ombe wa Uingereza! Hiyo jezi ilikuwa ya Javern kabla haijawa yako. Ukiigawa tena, nitakuletea kuku wangu wote chumbani."

"Ndiyo, Bibi Dulcina," Reece akasema, na alionekana kuamini.

Ianthe akatazama mlima. Moshi ulikuwa bado unaelekea baharini. Reece akatundika namba tisa, na Ianthe akahesabu kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, ili jirani asikie: moja hadi ishirini na tatu. Kisha akachukua vibanio viwili, akalirudisha shati la Clement mwishoni mwa mstari, baada ya namba ishirini na tatu, na mara hii vifungo vikatazama nje.