Hina ya Rangi ya Tende

Idi moja mdogo wangu alipakwa piko, ile rangi nyeusi ya nywele tunayochorea maua. Mkono ukamvimba, ukatoka malengelenge, na ua likabaki kovu. Piko inakolea saa hiyohiyo, ndiyo maana hapa Kilwa kila harusi inaitaka. Nikaapa: huyu akiolewa nampaka hina tupu, na itakolea watake wasitake.

Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto zangu hazikufeli. Mguu wangu wa kushoto nikaufanya daftari. Hina ya kwanza niliikanda kwa maji yanayochemka, nikidhani moto ndiyo nguvu. Ikatoka rangi ya mchuzi mwepesi. Ya pili nikaikanda kwa limau na sukari, nikailaza mpaka asubuhi. Nzuri! Kwa furaha nikaenda kufua nguo, maji ya sabuni yakanimwagikia mguuni, yakaila yote. Ya tatu nikaitia mafuta ya karafuu, nikaibandua kwa mafuta ya nazi, na mguu ule sikuugusisha maji. Mama aliponiona nauinua kila penye maji, akaniuliza kama nimeumwa na nyoka. Siku ya pili ukawa rangi ya tende.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatano nikampaka mdogo wangu, Alhamisi asubuhi tukaibandua. Shangazi yetu, aliyetoka Mtama kuja kusimamia shughuli, akaingia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Haya, mikono." Akaitazama. "We mtoto! Hii hina au binzari? Tunaoza mwali au tunapika pweza?"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Shangazi akatoa pakiti ya piko mkobani. Nikaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikaifutika kiunoni.

"Hii haifunguliwi, shangazi."

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu, unisamehe. Malengelenge yale hukuyauguza wewe. Hina inataka siku mbili, tusubiri kesho."

"Mume analetewa mke wa rangi ya chungwa, yeye anasema kesho!"

Mdogo wangu akanitazama, machozi yanamlenga. Mikono ni yake, aibu ingekuwa yake. Sikuwa na ushahidi ila mguu. Nikapandisha kanga, nikaunyoosha katikati ya mkeka. Kicheko kikapungua. Mdogo wangu akautazama sana, kisha akaificha mikono yake ndani ya kanga.

"Nitasubiri na dada," akasema.

Siku nzima hakugusa maji, nikamlisha wali kwa mkono wangu kama kinda.

Ijumaa asubuhi shangazi akaivuta mikono ile mwenyewe, akaigeuza, akainusa. Tende, mpaka kwenye ncha za vidole. Hata kovu lilikuwa limemezwa na ua.

"Si nyeusi," akasema.

"Haikuambiwa iwe nyeusi, shangazi."

Akaguna, akaenda mlangoni kuita watu waje kumtazama bibi harusi. Pakiti yake hakuiulizia, na mimi sikuirudisha.