Vitabu Nilivyolipwa Kuvimaliza

Siku yangu ya kwanza kazini niliingizwa katika chumba chenye meza moja, viti viwili na dirisha lililotazama ziwa, nikaambiwa nisilitazame. Aliyeniambia alikuwa Msimamizi wa Prufu, mzee mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

"Kijana," alisema, "msomaji akichoshwa na kitabu anakiweka chini, anakwenda kunywa chai. Wewe ruhusa hiyo huna. Wewe unalipwa ufike mwisho."

Kiwanda chetu cha uchapaji kilikuwa hapa Mwanza, si mbali na maji, na kilichapa chochote kilicholetwa: historia za parokia, mafunzo ya ufugaji nyuki, hotuba za wakubwa. Ninyi vijana mnaosahihisha kwa kubonyeza, niwaeleze. Prufu ni karatasi za majaribio zinazotolewa kabla kitabu hakijachapwa, ili makosa ya mpanga herufi yaonekane. Zilisomwa na watu wawili. Mmoja alishika muswada, yaani maandishi ya mwandishi mwenyewe, akausoma kwa sauti. Mwenzake alifuata kwenye prufu na kalamu nyekundu. Na vituo vyote vilitamkwa: "Ng'ombe mkato mbuzi mkato na kondoo nukta aya mpya." Ukurasa mmoja ulichukua muda wa kurasa mbili, na mtu akipita mlangoni alidhani tumerukwa na akili.

Mwenye kalamu nilikuwa mimi, Msukuma niliyejua kusoma Kiswahili vizuri kuliko kukisema. Mwenye sauti alikuwa Mama Koku, Mhaya aliyeolewa Sengerema, aliyevuka na kivuko cha Kamanga kila asubuhi. Kitabu kikimchosha, ulijua kwa jinsi alivyotamka "nukta". Aliitamka kama mtu anayefunga mlango.

Vitabu vingi vilituchosha, sitawadanganya. Tulipiga miayo kwa zamu. Lakini tulifika mwisho, na huko mwisho tulikuwa wawili peke yetu. Baadaye nilivikuta vitabu vyetu katika nyumba za watu, kurasa za mwanzo zimechakaa na za mwisho bado zimegandana. Mpira ukichezwa, kesho yake kijiweni kila mtu ana la kusema. Mimi katika mji huu wote nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza kama naye alimwonea huruma yule katekista wa sura ya mwisho. Na Mama Koku alikuwa akinijibu, "Nilimwonea. Lakini naye angeanza kuugua mapema, tungepona."

Kisha kikaja kitabu cha mkaguzi wa pamba mstaafu, tuliyemwita Bwana Pamba asipokuwepo. Kilikuwa kinene kama matofali mawili na kikavu kama michembe ya viazi isiyolowekwa. Sura nzima juu ya madaraja ya pamba, nyingine juu ya mizani, nyingine juu ya maghala, ambamo kila ghala lilielezwa paa lake.

"Huyu mzee ameoa pamba," Mama Koku alisema.

Tulikuwa katikati ya maghala alipofika Meneja mpya, kijana mpole wa mashati meupe. Alisimama mlangoni akatusikiliza kidogo.

"Wazee wangu," alisema, "kompyuta inasahihisha siku hizi. Kusomeana kwa sauti ni mambo ya chekechea. Mtu mmoja anatosha."

Aliyepunguzwa ni Mama Koku, kwa kuwa mwenye kalamu alionekana ndiye mwenye kazi. Alikunja kitenge alichokuwa akikalia, akaniambia, "Utakuja kuniambia kama pamba ilifika kiwandani." Sikumwambia, kwa sababu hakuuliza tena, na mimi niliona aibu kubaki kazini wakati yeye ameondoka. Tukabaki kupigiana simu za sikukuu.

Nilikimaliza peke yangu, kimyakimya. Na pale mwisho kabisa, baada ya pamba yote ile, Bwana Pamba anamtaja mkewe kwa mara ya kwanza. Anasema miaka yote ya safari za ukaguzi mkewe alimwachia taa ikiwaka barazani. Sasa mke amefariki, naye jioni huiwasha mwenyewe, hutoka akasimama barabarani kidogo, halafu hurudi nyumbani aikute inawaka. Basi, kitabu kinaisha hapo. Nawaambia ninyi kwa sababu najua hamtakisoma.

Niligeuka niseme, "Umesikia hiyo?" Kiti kilikuwa kitupu. Mambo ya kazi hunipotea sasa, lakini kile kiti nakiona.

Nilistaafu kwa soda na kitambaa cha meza. Miaka michache baadaye Mama Limi, mke wangu, alifariki. Naishi Ilemela katika nyumba iliyobanwa na mawe, na Limi mwenyewe yuko Dodoma na watoto wake. Nyumba ina ukimya ambao sikuuzoea, mimi niliyefanya kazi na mtu anayenisomea hadi mikato. Usiku wa kwanza baada ya waombolezaji kuondoka nilikumbuka ile taa, nikatamani mno kupata mtu mmoja tu aliyefika ukurasa ule, tukae naye hata bila kuongea.

Nilijaribu kumtafuta mtu huyo. Limi nilimpa nakala, akaniambia, "Baba, nimefika kwenye mizani, ila kazi zimenibana." Mwinjilisti wetu alikirudisha na shukrani nyingi kuliko za mtu aliyekisoma. Jirani yangu nilimsomea kurasa za mwisho tu. Akasema ni nzuri, kisha akaniuliza bei ya saruji. Sikumlaumu, maana ile taa haiwaki kwa mtu ambaye hajapita kwenye maghala.

Ndipo nilipovuka kwenda ng'ambo ya Sengerema. Mama Koku ni mjane sasa, na macho yake yameingia ukungu. Nilimwamkia shikamoo, kwani ananizidi umri kidogo. Nilipoweka kitabu mezani aliujua mshindo wake.

"Marahaba, Baba Limi. Umeniletea pamba."

"Mwisho wake, Mama Koku, ni kwamba..."

"Ishia hapo hapo. Mwisho sikukuuliza. Tuliachia kwenye maghala."

"Nisome na vituo?"

"Vituo vya nini, kwani tuko kazini? Soma kama watu."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi navuka. Ananipa kahawa ya kutafuna, ile ya kwao, nami nasoma. Anapiga miayo, analaani mapaa ya maghala, ananiuliza kama Bwana Pamba hakuwa na mtu nyumbani. Namjibu tuendelee. Siku nyingine za wiki hupita nikiingoja hiyo moja.

Jumamosi iliyopita pamba ilifika kiwandani. Niliona kurasa zilizobaki chini ya kidole gumba, nyembamba, nikaingiwa na hofu. Ukurasa nilioutafutia mwenzi miaka yote hii ulikuwa mbele yangu, na aliyestahili kuusikia alikuwa amekaa ananisikiliza, nami sikutaka kuufikia. Tukishaumaliza, nitavuka kwenda kufanya nini? Nilifunga kitabu, nikasingizia macho, nikasema na kivuko kitaniacha.

Mama Koku alitafuna kahawa yake.

"Zimebaki nyingi?"

"Chache."

Alinisindikiza hadi mlangoni akipapasa ukuta.

"Basi Jumamosi ukija," alisema, "soma na vituo vyote. Mkato hata mmoja usiuruke."