Baba Wangapi?

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kifaransa ni cha mwalimu, na haya sitaki mwalimu ayasahihishe.

Kila Jumamosi asubuhi shule nzima hukusanyika uwanjani kumwimbia Kiongozi. Picha yake ya kofia ya chui hutundikwa chini kidogo ya bendera, na sisi wasichana hucheza mbele yake na vitenge vyenye uso uleule. Wengine wamembeba kifuani, wengine wanamkalia. Mimi hujipanga mstari wa mwisho. Sijui kucheza, na macho ya watu yananichoma. Lakini maswali na majibu nayaweza, kwa kuwa ni ya Lingala, na Lingala kwangu ni kama ngoma: unasikia mdundo, unaitika. Nchi ngapi? Moja. Vyama vingapi? Kimoja. Baba wangapi? Mmoja. Miaka mitatu nimeitika hivyo bila kumuwaza baba yeyote.

Jumamosi ile wazazi na wakubwa wa Chama walialikwa. Mvulana anayetuongoza, wa darasa la mwisho mwenye sauti kama tarumbeta, akataka kuwafurahisha wazazi. Akayageuza maswali kwa Kiswahili chetu.

"Inchi ngapi?"

"Moya!"

"Chama ngapi?"

"Moya!"

"Na ba baba, muko nabo bangapi?"

Kwa Lingala lilikuwa wimbo. Kwa Kiswahili likawa swali. Na mimi nina baba wawili: yule aliyenizaa, analima mihogo huko Kasomeno, na kaka yake, baba mukubwa, anayeyeyusha shaba kwenye kiwanda cha Kampuni, aliyenichukua huku mjini nisome. Kwetu baba mukubwa si mlezi. Ni baba, basi. Nikajibu kama mtu aliyeulizwa nyumbani.

"Babili!"

Wengine wangeimeza sauti yangu, ila nilichelewa kidogo. Wao walikuwa wamemaliza "moya", uwanja umenyamaza, na neno langu likaenda peke yake hadi ukutani. Neno la mimi huyu, ambaye kila siku mwalimu ananiambia, "Sema kwa nguvu!" Msichana aliyekuwa kando yangu akasogea, akaacha nafasi ya kupita mbuzi.

Jumatatu mchana, baba mukubwa aliporudi kutoka kazini, alimkuta mjumbe wa Chama wa kambi yetu ya wafanyakazi ameketi mlangoni. Nyumba ni ya Kampuni. Anayeandikwa vibaya na mjumbe hupoteza kazi, na sufuria zake hutolewa nje siku ileile. Tuliyaona kwa jirani zetu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nachekecha unga. Mama mukubwa aliacha kusonga bukari.

"Citoyen," mjumbe alisema, yaani "raia", kwa maana "bwana" imekatazwa, sote tunaitana hivyo, "mutoto yako anasema Inchi iko na baba babili."

"Eko na haya, citoyen. Hata ukimuuliza jina yake anatoka jasho."

"Mutu wa haya ananyamaza. Ule wa pili njo nani? Ni ba kule inje, benye banapinga Kiongozi?"

"Hapana! Ni miye." Akacheka kidogo, peke yake.

"Weye? Weye njo baba wa Inchi?"

Kicheko kikakatika. Nilisikia bukari ikiungua.

"Hapana, citoyen. Ni mutoto wa ndugu yangu. Miye si baba yake. Minamulisha tu."

"Sema kwa nguvu. Majirani basikie."

"Miye si baba yake!"

Mjumbe akaridhika. Alikula bukari pamoja nasi, ile iliyoungua, akaisifu, akaenda zake. Hakuna aliyefukuzwa.

Najua kwa nini baba mukubwa alisema vile. Ana watoto watano, na mimi wa sita. Najua. Lakini jioni ni kazi yangu kumletea maji ya kunawa na kusema, "Baba, maji." Jioni ile nikaweka beseni mbele yake. Nikasema:

"Citoyen, maji."

Sikuwa nimekasirika. Hapana, nadanganya: nilikasirika sana. Mama mukubwa alinikazia macho. Baba mukubwa alinawa polepole, hadi kwenye viwiko, kama anavyonawa akitoka kwenye tanuru.

"Merci," akasema. Zamani angesema, "Merci, mwana."

Wiki tatu zimepita. Shuleni hakuna anayekaa nami kwenye benchi. Jumamosi naitika "moya" mapema, hata kabla ya wenzangu. Nyumbani naleta maji, naweka beseni karibu na mguu wake, sisemi kitu. Naye hanawi mara moja. Mikono yake inakaa juu ya maji, anangoja.