Gari Lililokwama Edani

Mume wangu alizikwa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi kaka yake akalitoa bunda la funguo msumarini na kulitia mfukoni. Hakuniuliza. Nilikuwa nimekaa mkekani katikati ya wanawake, nimejitanda, macho yamevimba, nikamwona akilichukua huku anaongea na simu kana kwamba anachukua kitu chake. Kwenye bunda lile kulikuwa na ufunguo wa stoo, funguo za makufuli yaliyopotea zamani, na ufunguo wa gari. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumchukia, na sioni sababu ya kulificha.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la Kijapani, jeupe lililoanza kuwa rangi ya chai upande wa boneti. Tulilinunua wawili, mume wangu na mimi, lakini kadi iliandikwa jina lake, maana ndivyo ilivyokuwa kwa kila kitu chetu. Biashara yangu ilitembea kwa gari hilo. Nilipika hapa nyumbani Mbuya, Kampala, nikapakia masufuria nyuma, nikateremka Nakawa kuwalisha watu wa maofisini mchana. Bila gari hakuna Nakawa, na bila Nakawa watoto wangu hawasomi. Shemeji alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana sahani yake ilikuwa haikosekani mezani kwangu.

Sisi Wanubi eda tunaishika. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, na mwanaume asiye maharimu wake hana ruhusa ya kuingia na kukaa naye. Sina ugomvi na eda, ilinipa nafasi ya kulia. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeigeuza kuwa kufuli la kunifungia.

Haukupita mwezi, shemeji akaja kulijaribu gari. Nilikuwa dirishani jikoni. Alichomeka ufunguo, akazungusha, ukakataa. Akaushika kwa mikono miwili, akatukana, akaupiga usukani ngumi. Kisha akaja mlango wa jikoni kumwomba dada yangu, ambaye alihamia kwangu kunisaidia, mafuta ya kupikia na kijiko. Nilidhani ana njaa. Kumbe alikwenda kuyamimina kwenye tundu la ufunguo! Mafuta niliyokuwa nikikaangia sambusa! Swichi iliyomeza vumbi jekundu la Kampala miaka yote hiyo, ukiitilia mafuta ya kupikia, umeisongea ugali.

Ikakwama zaidi. Nikamtuma dada yangu amwambie tumwite fundi. Jibu lilitolewa kwa sauti kubwa ili na mimi nilisikie.

"Fundi? Mwanamke ako kwa eda, halafu nyinyi munaleta mwanaume ndani ya geti? Watu watasema nini, banange? Hakuna fundi atakanyaga hapa."

Yeye mwenyewe si maharimu wangu, na alikuwa amesimama karibu na dirisha langu kiasi cha kumsikia akipumua. Hilo halikumsumbua.

Baada ya hapo akaanza kueneza maneno. Gari limeshikwa. Marehemu hakuridhika, ndiyo maana halimkubali mtu. Alisema msikitini, alisema dukani, na kwa mama mkwe alisema huku akifuta machozi ambayo mimi sikuyaona siku ya maziko. Kisha likaja la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokuwa la kwanza moyoni mwake: eda ikiisha ataleta mnunuzi, gari livutwe, liuzwe kama chuma, na yeye ndiye atakayesimamia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimjibu kupitia kwa dada yangu kwamba sawa, shemeji anajua zaidi.

Lakini hasira ikikosa pa kwenda, hufikiri. Nikamkumbuka mume wangu asubuhi zote zile, masufuria yanapiga kelele nyuma, na swichi imekwama. Hakuwahi kuitukana. Aliweka mkono wa kushoto kwenye usukani, akausukuma kidogo upande ule unaolegea, na mkono wa kulia ukazungusha ufunguo taratibu, bila nguvu. Gari likawaka. Mimi nilikuwa pembeni nikihesabu vikombe na kumharakisha.

Nikachukua simu, nikaanza kutazama video za watu wanaotengeneza magari. Nilizitazama baada ya sala, nilizitazama nikimenya vitunguu. Nikaelewa kwamba usukani ukijifunga huku umekazwa, ufunguo haugeuki hata liitwe jeshi lote la kambi iliyo juu ya kilima hiki cha Mbuya. Nikaelewa pia kwamba ndani ya tundu kuna vibati vidogo vinavyopanda na kushuka kufuata meno ya ufunguo, na vikigandishwa na uchafu havishuki. Ufunguo aliokuwa nao shemeji meno yake yalikuwa yamelika kwa miaka. Wa akiba ulikuwa mzima, mpya kabisa, ndani ya kopo langu la sindano na nyuzi. Wanaume wa nyumba ile hawajawahi kufungua kopo lenye sindano.

Kilichobaki ni dawa. Jirani yangu, mwanamke wa Kikongo anayeuza vitenge Kansanga, alikuwa akija kunipa pole karibu kila jioni. Yeye ni Mkristo, na mambo ya eda alinisikiliza mimi tu, hakuwa na maneno ya watu. Nikamwonyesha picha ya kopo la dawa ya kupuliza, ile ya kusafishia vifaa vya umeme.

"Hii inapatikanaka wapi, mama?"

"Maduka ya spea. Mwambie ni ya swichi."

"Nitaleta. Lakini unaenda kufanya nini nayo, we mujane?"

Nilipomweleza alijishika kifua akacheka, kisha akaangalia geti kama mtu aliyetumwa kuiba. "Mama, we uko mubaya," akasema, na nilijua ameniunga mkono.

Nilifanya kazi mchana, uwani kwangu, nikiwa na nguo zangu za eda, geti limefungwa. Nilifungua waya wa betri kwanza, kwa spana namba kumi. Nikapuliza dawa ndani ya tundu, nikachomeka ufunguo wa akiba, nikautoa, nikaufuta, nikauchomeka tena. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kinanata, na Mungu ni shahidi wangu, kilinuka sambusa. Nilicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu msiba, na mara nikaona machozi yananitoka kwa sababu mtu ambaye ningemsimulia alikuwa chini ya udongo. Nikaendelea kupuliza na kufuta hadi kitambaa kikawa kinatoka safi. Nikaacha pakauke. Kisha nikakwangua risasi ya penseli ya watoto kwa kisu, nikaupaka ufunguo unga ule mweusi, maana unga haukamati vumbi kama mafuta yanavyokamata. Nikarudisha waya wa betri, nikakaa kwenye kiti cha dereva, mkono wa kushoto kwenye usukani. Ufunguo uligeuka kama wa gari lililonunuliwa jana. Gari likawaka, likakohoa, likatulia, na mimi nikalizima haraka kabla mtaa haujasikia.

Hapo ningeweza kumwambia. Dada yangu alinisihi nimwambie, yaishe. Nilikataa. Kumaliza ugomvi sikutaka. Nilitaka aone haya mbele ya watu walewale aliowajaza maneno, na nilitaka niwepo nikitazama. Kwa hiyo nilichomoa ufunguo, nikauzungusha usukani kwa nguvu mpaka ukajifunga kwa mlio, nikauacha umekaza hivyo. Kila alipopita kulichungulia gari nilimchekea kwa jino pembe.

Siku ya kutoka eda tulisoma dua, tukala, na watu wakajaa uwani: mama mkwe kwenye mkeka wake, wazee wa familia, majirani. Shemeji alikuja na mnunuzi, Mganda mmoja mnene mwenye haraka, na nje ya geti gari la kuvutia magari mabovu lilikuwa linangoja. Shemeji akasimama mbele ya watu wote. Alikuwa amevaa kanzu mpya.

"Wazee, hii gari munaijua. Ndugu yangu ameishika. Mimi nimejaribu, imekataa. Nasema mbele yenu, na mama yangu anasikia: kama itakubali mutu mumoja hapa ndani, basi hiyo ni yake, ndugu yangu amemuchagua. Kama haikubali, tunauza. Kale, sawa?"

Ulimi hauna mfupa. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nimepanga hoja, na hapo mtu mwenyewe ananikabidhi zaidi ya nilichotaka. Nikasema kwa adabu yote, macho chini, "Shemeji, anza wewe. Wewe ndiye mkubwa."

Akaingia. Akachomeka ule ufunguo wake uliolika meno, akazungusha, ukakataa. Akazungusha kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka, kanzu mpya ikalowa mgongoni. Usukani hakuugusa. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaona ufunguo unaanza kupinda. Sikuwa nimelifikiria hilo. Ungekatikia ndani, kazi yangu yote na Nakawa yangu na shule ya wanangu vingebaki ndani ya tundu lile, na kisasi changu ndicho kingekuwa kimeniua. Nilitaka kupiga kelele aache.

Akautoa mwenyewe, umepinda kama msumari mbaya. Mnunuzi akatikisa kichwa. "Ssebo, mimi nalikuja nunua gali, si nunua pepo." Watu wakacheka, na shemeji akacheka nao, cheko la mtu anayeona mambo bado yanakwenda alikotaka.

"Nijaribu na mimi," nikasema.

Nilikaa, nikatoa ufunguo wa akiba kwenye pindo la mtandio. Mkono wa kushoto ukausukuma usukani upande unaolegea. Wa kulia ukageuza, taratibu. Gari likawaka.

Wanawake wakapiga vigelegele, siku ya dua ya marehemu, na wazee hawakuwakemea. Shemeji alianza kusema kwamba huo ni ufunguo mwingine, kwamba haikuwa hivyo alivyomaanisha, kwamba lazima familia ikae. Mama mkwe akainua mkono kutoka mkekani kwake.

"Mwanangu, umesema mbele ya watu. Na mimi umenitaja."

Ikawa imekwisha. Mnunuzi akaondoka na gari lake la kuvuta. Mimi sikuzima injini. Niliwaambia nakwenda kuonja barabara, na kwa kuwa geti lilikuwa limefungwa tena, nilimtazama shemeji mpaka akaelewa. Akaja hadi dirishani kwangu, akainama, akasema kwa sauti ya chini, bila ile sauti ya msikitini:

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Siku zote hizi unaniacha niongee?"

"Ulikuwa unaongea na nani, shemeji? Mimi hukuwahi kunipa hata pole."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya mlango wa gari. Nilimpa nafasi ya kulisema neno hilo, na nililisubiri kweli. Hakulisema. Akaenda akafungua geti, upande mmoja, kisha wa pili, nami nikapita bila kumwambia asante.