Kiti Kisichokaliwa Upande

Mimi injini hainidanganyi. Nimetengeneza mashine za boti pale Liwatoni tangu sijaota ndevu, kwa hivyo siku niliyokwenda mnadani kutafuta pikipiki sikubabaishwa na mtu. Pikipiki yenyewe ilikuwa kubwa, ya watu wa safari ndefu, ina masanduku mawili ubavuni na kiti cha abiria chenye kiegemeo. Vumbi tupu. Betri imekufa, na sharti la mnada ni kwamba kitu hakiwashwi: unatazama, unanunua, unachukua.

“Hiyo ni maiti,” jamaa mmoja akanambia, wenzake wakacheka.

Nikawaacha wacheke. Nikaingiza gea, nikasukuma gurudumu la nyuma. Injini ikanikatalia kwa nguvu, ikaachia, ikanikatalia tena. Injini iliyokufa haina ubishi. Nyumba njema si mlango, bwana! Dalali alipotaja bei nikainua mkono peke yangu, na pikipiki nikaipata kwa bei ya friji kuukuu.

Sikuinunua kwa kujionyesha, wallahi. Mke wangu hawezi gari. Akipanda basi, daraja la Nyali halijavukwa keshatapika, na safari ya Malindi kwa mamake ilikuwa imemshinda miaka mitatu. Bi mkubwa macho yalikuwa yanafifia. Kila akipiga simu aliuliza neno moja: “Utanikuta naona, mwanangu?” Simu ikikatika, mke wangu huenda jikoni akalia. Upepo wa bodaboda haumdhuru, lakini bodaboda mpaka Malindi si mgongo utakatika?

Wiki nzima nilisafisha tangi na kabureta. Ijumaa baada ya sala ikawaka mara ya kwanza, na majirani zetu wa Mji wa Kale wakajaa barazani. Nikamwita mke wangu kwa madaha. Akatoka na buibui lake, akaizunguka mara mbili.

“Mashallah. Na mie nitakaa wapi?”

“Si hapo!”

“Upande?”

Nikatazama. Loo! Sanduku huku, sanduku huku, kiegemeo nyuma. Hapana pa kuteremshia miguu. Kiti chataka mtu akae kama juu ya punda, na mke wangu, kama mamake na dada zake, maisha yake yote hukaa upande. Nimekagua kila kitu isipokuwa namna anavyokaa mwanamke niliyeishi naye miaka ishirini. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikasema nitayang'oa masanduku.

“Usiguse kitu. Wewe ushafanya yako,” akasema, akaingia ndani. Cherehani ikalia mpaka alasiri.

Kesho yake asubuhi akatoka amevaa suruali pana nyeusi, na buibui amelipasua ubavuni akalitia vishikizo. Barazani watu wakakodoa macho. Akapanda, mguu huku, mguu huku, akanipiga begani.

“Washa. Wakichoka kutazama watalala.”

Malindi tulifika hajatapika hata mara moja. Mamake alikuwa amesimama kizingitini, ameshika mlango. Mke wangu akashuka, akavua helmeti, akasimama pale pale asithubutu kusogea. Bi mkubwa akafinya macho, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

“We mtoto,” akasema, “tangu lini unavaa suruali?”

Mke wangu akaangua kilio, akanivuta mkono.

“Anaona! Baba watoto, mama anaona!”